Jembe la Bwana Maua

"Na huyu naye ni nani?"

Sophia aliuliza huku anacheka. Mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwani kisichukuliwe na upepo, mwingine unamwonyesha Cornelia, vilevile alivyokuwa ametoka kumwonyesha tausi.

Basil akageuka. Cornelia alikuwa upande wa pili wa kizimba, amevaa kitenge kipya na sweta la marehemu mama yake, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina utani na mtu. Hakuinua macho. Aliangalia miguu ya tausi, akangoja. Alichokuwa anangoja ni neno moja tu, na hata lingesemwa kwa sauti ya chini lingemtosha.

"Huyu ni Cornelia," Basil akasema. "Kibarua wetu wa matuta. Mchapa kazi kwelikweli."

"Hongera, dada," Sophia akasema, na wawili hao wakaelekea kwenye mawaridi.

Kibarua. Cornelia alibaki ameshika wavu wa kizimba mpaka vidole vikafa ganzi. Maana kwa mila ya kwao, na mbele ya baba yake mzazi, huyo aliyetoka kumwita kibarua alikuwa mchumba wake tangu mvua za Januari.

Ngoja nieleze, usije ukamwona Cornelia ni mtu wa kujipendekeza.

Mkoa ulikuwa bado mchanga, na wakubwa walipoamua kwamba mji nao upate bustani ya maana, bustani kubwa ya watu kupumzika kama ya miji ya wenzetu, walimleta Basil kutoka Morogoro. Kijana wa Kiluguru, mrefu, mpole, anaongea na maua kuliko anavyoongea na watu. Mji ukambatiza Bwana Maua. Vibarua wakachukuliwa kutoka Izia, kandokando ya mji, na Cornelia akiwa mmoja wao. Mama alikwisha kufariki, kaka zake wamehamia kijiji cha ujamaa, mabinti aliokua nao wote wana watoto migongoni. Nyumbani alibaki yeye na baba yake, Mzee Polikarp, na jioni kimya chao kilikuwa kikubwa hata unamsikia mwenzako akimeza ugali.

Siku za mwanzo kazini waligombana. Basil alitaka matuta marefu, yaliyonyooka. Cornelia akalima kama walivyolima kwao tangu na tangu, tuta la mviringo, nyasi zimefukiwa chini, wala hakujua amekosea. Basil akaja, akalizunguka lile tuta, akaanza kucheka taratibu. Akasema mengine yapangwe kwa kamba, lakini hilo moja lisiguswe. Basi tangu hapo kila asubuhi ikawa ni utani. Basil anapita na kuuliza, "Mlima wa Cornelia umeamkaje?" Na Cornelia anajibu kwamba mlima umeamka salama ila unaona njaa, unaomba samadi. Watu wakaanza kuangaliana. Na Cornelia, nikuambie ukweli, alianza kuamka mapema kuliko jogoo wa jirani.

Ndipo mpini wa jembe lake ukavunjika. Jioni ile Basil akafika Izia mwenyewe, katika manyunyu, amebeba jembe jipya. Akaliegemeza mlangoni. Akamwamkia mzee shikamoo, akanywa togwa, akaongea habari za mvua, akaaga. Juu ya jembe hakusema neno.

Jamani. Hata kama angekaa mwaka mzima kujifunza namna wazee wa upande ule wanavyoposa, asingeweza kupatia vile. Kwao mwanamume huja jioni na jembe jipya, huliegemeza mlangoni, huongea mambo mengine kabisa, huondoka. Jembe likilala nje, kesho yake atakuja kulichukua kimyakimya na hakuna aliyeaibika. Likiingizwa ndani, amekubaliwa. Tangu hapo binti hamwiti jina lake, hamtazami usoni, hali mbele yake, hazungumzi naye, mpaka mwanamume aje aseme yuko tayari, pombe ya ulezi ipikwe, inywewe na wazee wa pande zote mbili. Na binti mwenye jembe ndani haposwi na mwingine.

Mzee Polikarp alilitazama jembe, akamtazama binti yake. Cornelia alingoja kama anavyotakiwa mtu kungoja, mpaka mgongo wa Basil ulipopotea nyuma ya nyumba ya mwisho. Kisha akalibeba, akaliingiza ndani, akalilaza uvunguni mwa kitanda chake. Moyo ulikuwa unampiga hata akaona haya mbele ya baba.

Kesho yake alikwenda kazini na jembe lake la zamani, amelitia mpini mpya. Unalimiaje jembe la posa? Basil akaliona lile kuukuu. Akauliza mlima umeamkaje. Cornelia akainamisha kichwa, akapiga viganja taratibu kwa heshima, akampisha njia. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Basil akajaribu tena na tena, mwishowe akaacha. Utani ukafa. Cornelia akawa analima na furaha yake peke yake, akijiambia kwamba mwanamume anajiandaa, wanaume hujiandaa polepole. Alikuja hata mgane mmoja kutoka Namanyere, Eustaki, mtu mwenye nyumba ya bati, kuulizia. Mzee Polikarp alimjibu kwa upole kwamba ndani kuna jembe la mtu. Eustaki akaomba radhi, akaenda kuoa kwingine.

Na sasa, siku ya kufunguliwa bustani, mwenye jembe ameulizwa na amesema ni kibarua.

Cornelia alijibandua kwenye wavu akaanza kutembea. Mji mzima ulikuwa umemwagika humo. Wake wa wenye maduka walikuwa wamekaa kwenye nyasi na birika za chai, wanakijiji wameshuka na malori kuja kuona ndege mwenye mkia wa maajabu, bendi kutoka Mbeya inapiga kando ya bwawa. Bwawa lile Cornelia aliuchota udongo wake kwa karai kichwani, na sasa bata wanaogelea na watu wanawatupia makombo ya mkate. Njia ile ya misonobari aliichimbia mashimo. Kwenye bembea akina mama wanasukuma watoto, akina baba wanasimama pembeni wanajifanya hawafurahi. Kila mahali alipopita palikuwa na jasho lake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Kwenye ukingo wa bwawa mpiga picha Halfani alikuwa amezungukwa na watu. Alipomwona akamwita.

"Dada, njoo na mwenzako nikupigeni, bata hawa hapa nyuma."

"Niko peke yangu."

"Peke yako?" Halfani akatazama nyuma yake, labda kuna mtu anakuja. "Haya, sogea kidogo basi. Hawa bwana na bibi walitangulia."

Cornelia akasogea. Alikwenda kukaa kwenye benchi la mwisho, karibu na ua wa michongoma, mahali ambapo muziki ulifika umechoka. Akalia kidogo, akajifuta na pindo la kitenge. Hakuwahi kujisikia yuko peke yake namna ile, hata wiki aliyozikwa mama.

Haukupita muda Sophia akaja kukaa pale pale, viatu mkononi. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya mkoa, mtoto wa mjini, baba yake ana basi. Alisema viatu vimemtoa malengelenge, na Bwana Maua anatembeza mtu kama anampeleka Tunduma kwa miguu. Kisha akamwangalia Cornelia vizuri.

"Dada, mbona unalia?"

"Ni upepo."

Sophia hakubishana. Akavuta kanga yake, akamfunika Cornelia nusu ya mabega.

"Mimi nilimwomba anitembeze kwa sababu ndiyo mara ya mwisho," akasema. "Nilikuwa na matumaini yangu, sikufichi. Lakini mtu anatembea na wewe, macho yake yapo kwingine. Na Jumatano anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Mbeya. Ameomba uhamisho mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini unaacha bustani ndiyo kwanza imefunguliwa. Akasema huku hajapata mtu wa kuongea naye."

Cornelia alirudi Izia bila kuona njia. Kichwani lilikuwa linazunguka jambo moja. Basil akiondoka Jumatano na jembe liko uvunguni, yeye Cornelia atakuwa nani? Mke si mke, binti si binti. Hakuna mwanamume wa uwanda ule atakayebisha hodi kwenye nyumba yenye jembe la mwingine. Atakaa na baba yake mpaka baba naye aende, kisha atakaa na kuta.

Alimkuta mzee anapukuchua mahindi. Akamsimulia yote. Mzee aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Alikuambia kwa kinywa chake kwamba hakutaki?"

"Hakuniambia kitu, baba. Hatuongei."

"Basi jembe likae."

"Likae mpaka lini?"

"Mwenye jembe ndiye husema. Sisi hatumfukuzi mtu."

"Baba, wewe una mimi. Mimi nitakuwa na nani?"

Mzee Polikarp aliokota gunzi lingine, akalirudisha chini. Alikuwa mtu mkali wa mila, lakini pia alikuwa mtu aliyezika mke, na anazijua jioni za nyumba ile.

"Kamrudishie," akasema. "Mila inasema wazee ndio hulirudisha. Ila mimi mguu wangu unauma, na mzee mwingine humu ndani sioni."

Mguu haukuwa unauma hata kidogo.

Jumatatu asubuhi bustani ilikuwa tupu, makaratasi ya jana yamezagaa kwenye nyasi. Cornelia aliingia na jembe amelifunga kwenye kanga kama mtoto. Alimkuta Basil amechuchumaa kwenye lile tuta la mviringo. Katika bustani nzima ya mistari iliyonyooka lilikuwa limebaki hilo moja, na Basil alikuwa amelipanda maua meupe juu mpaka chini. Cornelia hakuwahi kuliona likiwa limechanua. Miezi yote alikuwa anapita hapo macho yameangalia chini.

Akafungua kanga, akaliweka jembe mbele yake.

"Jembe lako."

Basil akashtuka, siyo kwa jembe, ni kwa sauti. Akasimama.

"Unaongea na mimi?"

"Naongea. Sasa limetoka ndani, naweza."

"Limetoka ndani ya nini? Nilikupa ulilimie. Wewe ukaenda kutengeneza lile bovu, nikajua hutaki hata kitu nilichokishika."

Cornelia akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu mvua. Akaona mtu amekonda.

"Kwenu Morogoro," akauliza polepole, "mwanamume akileta jembe jipya jioni, akaliegemeza mlangoni, asiseme neno, ana maana gani?"

"Ana maana ameleta jembe."

"Kwetu amekuja kuposa."

 Basil akaangalia jembe, akaangalia njia ya kwenda Izia.

"Na ninyi mkanijibuje?"

"Nililiingiza ndani usiku uleule."

"Cornelia."

"Na aliyeliingiza ndani hasemi na mwenye jembe, hamwangalii, mpaka pombe inywewe. Nilikuwa nakuheshimu."

"Mimi nilidhani unanichukia."

"Nilikuwa nakungoja."

Upepo ulipita ukatikisa yale maua meupe. Basil alichuchumaa tena, akaligeuza jembe. Kwenye chuma kulikuwa na muhuri wa mkoa.

"Sikujua," akasema. "Walahi sikujua. Na hili si langu, ni la serikali. Lazima nilirudishe stoo." Akainua macho. "Na mtu akitaka liingie tena?"

"Jembe lililotoka halirudi," Cornelia akajibu. "Huletwa jingine." Akaikunja kanga yake. "Usijali. Kutokujua si dhambi. Nenda salama Mbeya."

Akaondoka upesi, maana machozi yalikuwa yamefika. Alichokibeba kutoka pale ni neno stoo. Amemwambia habari ya miezi yote ya maisha yake, na mtu amekumbuka stoo.

Mzee Polikarp alisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza. Kilichomuuma zaidi ni ule muhuri.

"Kwa hiyo muda wote huu," akasema, "wewe ulikuwa umeposwa na mkoa."

Cornelia alitaka kulia, akajikuta anacheka, kisha akalia kabisa. Mzee akamwachia nafasi. Baadaye akamletea uji mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumatano ikafika. Cornelia alikuwa shambani nyuma ya nyumba aliposikia honi ya basi linalotoka stendi. Alijiambia huenda hakupanda. Saa si nyingi Sophia akafika, amekuja Izia makusudi, maana yale machozi ya kwenye benchi alikwisha kuyaelewa, uso umemwanguka.

"Nimemwona, dada. Amepanda. Na redio yake kwapani."

"Hakusema kitu?"

"Alikuwa ananing'inia mlangoni anagombana na kondakta. Samahani."

Walikaa kizingitini, yule mtoto wa mwenye basi na yule mlima matuta. Sophia alipoondoka, Cornelia aliingia ndani akafagia uvungu wa kitanda. Pale jembe lilipokuwa limelala palikuwa na alama kwenye udongo. Alifagia, alama ikabaki. Usiku baba alikula na yeye hakula.

Alhamisi jioni, baridi imeanza kuuma, lori la mahindi lilisimama barabarani. Mtu akaruka kutoka juu ya magunia, mweupe kwa vumbi kama ametoka kusaga. Alikuja kwa hatua ndefu akipita nyumba kwa nyumba, na begani alikuwa na jembe.

Mzee Polikarp alikuwa kizingitini. Alimwona toka mbali, akageuza uso akaangalia mawingu, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwaka huu baridi imezidi."

"Baba, kwenye duka la ushirika majembe hayapo. Nimekwenda mpaka Laela kwa basi la jana. Kuna mtu alikuwa nalo moja, hakutaka hela, alitaka redio."

"Mahindi nayo yamekomaa vizuri," mzee akasema, macho mawinguni.

"Baba, mimi si mtu wa huku. Nisemeje?"

Mzee akashindwa kuvumilia. "Husemi kitu. Umeshasema mengi mno. Liegemeze, uondoke."

Basil akaliegemeza. Halikuwa na muhuri wowote. Mpini ulikuwa bado mbichi, umechongwa na mtu asiye fundi, unanata utomvu. Akapangusa mikono, akaaga, akageuka.

Cornelia alikuwa amesimama ndani gizani muda wote. Mila ilimtaka angoje mpaka ule mgongo upotee nyuma ya nyumba ya mwisho. Lakini alikuwa amekwisha kungoja kutosha. Basil hajamaliza hata uwanja, yeye akatoka, akalikamata jembe kwa mikono miwili.

Basil alisikia chuma kikigonga mlango. Akasimama, akageuka.

"Na uhamisho?" Cornelia akauliza.

"Niliuomba mimi. Jumatatu ileile nikaenda kuomba wausahau." Akapangusa vumbi usoni. "Sasa utaninyamazia tena mpaka lini?"

"Mpaka pombe iive. Baba ataloweka ulezi kesho."

Mzee Polikarp alikohoa kuwakumbusha kwamba bado yupo. Cornelia akanyamaza hapo hapo, kama mila inavyotaka. Ila macho hakuyainamisha. Alisimama mlangoni na jembe lake kifuani, akamtazama Basil usoni, akaendelea kumtazama mpaka akapotea nyuma ya nyumba ya mwisho.